Mgawo wa Mhusika Mdogo

Neno duara lina maisha mawili Tanzania, na watu wa upande mmoja hawana mazoea ya kuzungumza na wa upande wa pili. Darasani, mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba mhusika duara ni yule mwenye sura nyingi, anayebadilika kadiri mambo yanavyombadilikia, tofauti na mhusika bapa ambaye ukimwona mara moja umemmaliza. Mgawanyo huo tuliuchukua kwa Mwingereza E. M. Forster, aliyeueleza mwaka 1927, tukaupa majina yetu. Lakini Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko katika machimbo ya Geita, duara ni shimo. Ni mdomo uliofunguliwa ardhini kwa upana wa kumtosha mtu na kamba yake, kuta zake zimezuiwa kwa magogo yanayoitwa matimba, na chini kabisa kuna giza ambamo watu wanatafuta dhahabu. Duara la darasani humtazama mtu mmoja na kuuliza ana kina gani. Duara la Geita halina mtu mmoja. Ndiyo maana naamini kwamba hili la pili lina mengi ya kumfunza mwandishi wa riwaya, hasa anapofikia kazi ambayo wengi wetu huimaliza kwa haraka, yaani kuwaumba wahusika wadogo.

Tazama njia ya jiwe. Aliye chini hulikata, mwenzake hulijaza kwenye kiroba, walio juu hulivuta kwa kamba au kwa winchi. Matimba yalikatwa porini na mtu ambaye huenda hajawahi kushuka shimoni hata siku moja. Jiwe likishafika juu hupondwa, mara nyingi na akina mama waliokaa juani, nyundo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeshika pete iliyokatwa kwenye tairi, inayolizunguka jiwe ili vipande visiruke. Kisha karasha husaga, unga huoshwa kwenye mwalo, ule ubao ulioinama na kutandikwa kitambaa cha kunasa chembe nzito. Zebaki huzikusanya chembe, moto huifukuza zebaki. Hata mchanga uliokwisha kuoshwa, marudio, una mwenyewe, naye ataupeleka kwenye sianidi akamue kilichobaki. Pembeni yuko mwenye leseni, yuko mwenye shamba lililotobolewa, yuko broka na mizani yake, yuko mlinzi, yuko mama lishe. Na viroba vinapotoka hugawanywa: hivi vya mwenye leseni, hivi vya mwenye duara, hivi vya walioshuka. Hakuna hata mmoja aliyekuja kumsindikiza mwenzake. Kila mtu amefuata mgawo wake, na ugomvi wa machimbo, urafiki wake, hofu yake na ukarimu wake vyote huonekana vizuri zaidi pale mgawo unapopimwa.

Riwaya nyingi huchimbwa kinyume cha hapo. Shujaa ana hamu, ana hofu, ana mambo ya nyuma yanayomsumbua usiku. Waliomzunguka hawana kitu. Rafiki yupo ili asimuliwe siri. Mama yupo ili alie. Mzee yupo ili atoe methali tatu kisha afariki, na mwanamke wa baa yupo ili kijana apotee njia. Wanaitwa wakihitajika, wanasema kinachotakiwa, wanaondoka. Ni vibarua waliofanya kazi ya kutwa nzima bila malipo. Hoja yangu ni kwamba mhusika mdogo hapati uhai kwa kuongezewa kurasa, wala kwa kuvalishwa kofia ya ajabu au kigugumizi ili tumkumbuke. Hupata uhai anapopewa mgawo, yaani kitu anachokitaka yeye mwenyewe, anachoweza kukikosa, na ambacho angekitaka hata kama shujaa asingezaliwa. Wahakiki wetu wana jina la mhusika shinda kwa yule anayesimama kwa kuegemea wengine. Sina ugomvi na jina hilo, maana katika mtiririko wa matukio wadogo lazima waegemee mahali. Ila anayeegemea kwa mwili na moyo pia hana tofauti na samani.

Ushahidi wa hili haupo mbali na Geita. Ndani ya Ziwa Victoria, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya aliyoiandika kwa Kikerewe, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980 chini ya Tanzania Publishing House. Ndani yake, mume na mke, Myombekere na Bugonoka, hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, na wazazi wa mke wanamrudisha binti yao nyumbani. Mume anapokwenda kumdai, wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi mwenye haraka angewafanya wakwe hao ukuta tu wa kulizuia penzi, nasi tungewachukia na kusonga mbele. Kitereza aliwapa mgawo wao, nao ni heshima ya binti yao, ambayo wana haki ya kuidai kama vile Myombekere alivyo na haki ya kumpenda mkewe. Na kwa kuwa pombe haijitengenezi, faini hiyo inawaleta watu, migomba, vyombo, majirani wa kusaidia, siku za kungoja. Penzi la mume linapimwa kwa jasho lake na la wenzake. Ukisoma sehemu ile ndefu ya utengenezaji wa pombe ukaona ni maelezo ya mila tu, utakuwa umepitwa, kwa sababu ndipo penzi hilo linapothibitishwa mbele ya watu ambao nao wana lao.

Kisiwa hichohicho kilimtoa Euphrase Kezilahabi, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ya mwaka 1971, inanisaidia kulitazama jambo hili kwa upande wake mchungu. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na ni mkali. Sifa hizo mbili zingetosha kumfanya bapa. Lakini kile kipigo anachompa binti yake kwa sababu ya barua ya kijana hakitoki kwa mlevi wa kawaida wa hadithini. Kinatoka kwa mtu ambaye heshima ya nyumba imemponyoka mikononi kwa makosa yake mwenyewe, sasa anataka kuishikilia kwa kumshika binti. Huo ndio mgawo wake, na ni mgawo wa kuhuzunisha. Umtoe Zakaria, au umbakize akiwa mlevi mtupu, na yote yanayompata Rosa baadaye yatageuka mahubiri kuhusu wasichana wasiotulia. Kwa sababu baba yumo na anataka kitu, msomaji analazimika kuuliza hofu ya binti ilipandwa na nani. Shafi Adam Shafi naye, katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, hakumleta Mwajuma ili Yasmin apate pa kulala tu anapomkimbia mume mzee. Mwajuma ana mtaa wake wa Ng'ambo, ana marafiki wake na starehe zake, na anapoufungua mlango unahisi kwamba nyumba ile ilikuwa na maisha kabla mgeni hajabisha hodi.

Lakini Kiswahili kina urithi mwingine, na anayenipinga anaweza kuuleta mezani kwa haki kabisa. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, Shaaban Robert anatupa Karama na Majivuno, na katika Adili na Nduguze cha mwaka uliofuata, ndugu wa Adili ni Hasidi na Mwivu. Majina yamekwisha kufanya kazi. Hatuulizi Hasidi alipenda chakula gani utotoni, na vitabu hivyo vimedumu kuliko riwaya nyingi zenye watu wa kina. Je, si kiburi kudai kwamba kila mpita njia awe na moyo? Nakubali nusu ya hoja hiyo. Shaaban Robert alikuwa akipima maadili yenyewe, na mizani hutaka mawe yaliyoandikwa uzito wake juu. Kumlaumu kwa hilo ni kumlaumu fundi wa mizani kwa kutotengeneza kiti. Ila mwandishi anapochagua kutuambia kwamba mambo yake yanatokea Kahama, mwaka fulani, bei ya pamba ikiwa imeanguka, ameondoka kwenye nchi ya Kusadikika iliyo angani na amekubali masharti ya nchi yenye vumbi. Na nchi hii ina namna yake ya kutaja watu. Msukuma akisikia kijana anaitwa Shija, ajua kwamba alizaliwa akifuata mapacha. Akisikia Mabula, anafikiri juu ya mvua. Majina haya hayasemi mtu ni mwema au mbaya. Yanasema alitoka wapi, nani alimtangulia, mbingu ilikuwaje siku ile. Shija hawezi kuingia kwenye riwaya peke yake. Kulwa na Doto wako nyuma yake, na mama aliyewabeba wote. Mwandishi wa Shinyanga amepewa bure jambo ambalo wengine hulisumbukia, maana katika jina tu kuna ukoo na kuna siku.

Kuna sababu nyingine ya kuwaumba wadogo kwa uangalifu, nayo kwa Shinyanga ni nzito kuliko sanaa. Kwa miongo mingi Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo yalifanywa mekundu na moshi. Mwanamke aliyepika miaka 40 ndani ya kijumba kisicho na dirisha, akichochea kinyesi cha ng'ombe kwa kuwa kuni hazipatikani karibu, macho yake yatakuwa vipi? Na kuni hazikupatikana kwa sababu Shinyanga ilikatwa miti kwa muda mrefu: kufukuza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba, kulisha ng'ombe wengi, kuchoma mkaa, mpaka serikali ikaanzisha mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wafugaji wakahimizwa kurudia ngitili, yale malisho yanayofungwa ili majani na miti ipumue. Macho ya bibi yule yamebeba habari za ardhi ya mkoa mzima. Aliyeshika panga aliyasoma kwa neno moja. Kwake yeye bibi alikuwa mhusika bapa, ameonekana mara moja na amemalizwa.

Kwa hiyo mwandishi anapohitaji kutia hofu katika sura ya nne, akamweka bibi mwenye macho mekundu pembeni mwa njia, ametumia njia ya mkato iliyokwisha kupita damu. Hata kama mwishoni atatuonyesha kwamba bibi hakuwa na hatia, bado alimwazima kwa ajili ya kututisha, na hakumlipa. Lakini akimpa mgawo, mambo yote hubadilika. Bibi anataka nini? Huenda anataka kubaki na lile shamba ambalo mtoto wa marehemu mume wake anajua kwamba lina dhahabu. Mara moja hofu imehama. Sasa tunamwogopea yeye, na yule anayenong'ona habari za uchawi tunamtazama mikono. Vivyo hivyo kwa mganga, ambaye riwaya zetu humtumia kama mlango wa kuingilia gizani: ana ada anayoitoza, ana watoto wa kusomesha, ana mchimbaji aliyerudi mara ya tatu akidai kwamba dawa haikufanya kazi. Tunajua wenye ualbino Kanda ya Ziwa wamewindwa kwa sababu ya biashara ya imani kama hizo. Mwandishi anayewataja waganga bila kutaja nani analipa na nani anapokea ameiacha biashara hiyo gizani ilikozoea kukaa.

Mwingine atanionya kwamba mhusika mdogo akipewa moyo ataiba hadithi, na kitabu kitakuwa kama machimbo siku ya rashi, kila mtu anachimba anapotaka na hakuna shimo linalofika chini. Hatari hiyo ipo. Nimesoma riwaya ambamo kila dereva wa daladala anapewa utoto wake, na katikati ya kitabu nikawa sijui tena nani alitoka nyumbani kwenda kutafuta nini. Lakini mgawo haupimwi kwa urefu. Katika Germinal, riwaya ya Émile Zola ya mwaka 1885 kuhusu wachimba makaa ya mawe wa Ufaransa, mzee mmoja tunakutana naye mwanzoni kabisa, usiku, karibu na moto. Anaitwa Bonnemort, yaani kifo chema, kwa sababu shimo lilimtaka mara tatu likamkosa. Anakohoa, anatema mate meusi. Alianza kazi akiwa mtoto, na makaa hayo yamo ndani ya mwili wake. Mate yale meusi yanamtosha. Baada yake hatuhitaji hotuba kuhusu madhara ya vumbi. Na kama mdogo akiiba hadithi kweli, mara nyingine ni kwa sababu ilikuwa yake. Jina lililo juu ya jalada la Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya nyingine ya Shafi Adam Shafi, ni la bwana, lakini mimi kila nikikifunga kitabu kile hubaki na Kijakazi, mtumishi aliyeamini utumwa wake mpaka Mapinduzi ya Zanzibar yalipomkuta, na akachukua muda mrefu kuyaelewa. Ningesikitika sana kama mtu angemshauri Shafi ampunguze.

Wala sisemi kila mtu apewe. Anayefungua geti mara moja na hatarudi tena, mwache afungue geti. Mgawo ni wa yule ambaye mkono wake utagusa kamba, yaani ambaye siku moja jambo la shujaa litapita kwake, likubaliwe au likataliwe. Huyo lazima awe na sababu yake ya kukubali au kukataa, iliyokuwepo tangu mapema, hata kama ilitajwa kwa sentensi moja. Lazima pia awe na kinywa chake. Kiswahili cha machimbo si kimoja: mzee aliyetoka Maswa ataanza na salamu ya Kisukuma, Mwangaluka, kabla ya neno lolote, broka wa mjini atauliza gramu ngapi bila hata salamu, na ofisa atasema kwa lugha ya fomu. Waandishi wengi huwaachia wote Kiswahili cha mwandishi, kisha wanashangaa kwa nini hawatofautiani.

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula mende na vyura na kunywa maji yaliyopenyeza miambani. Mwandishi yeyote akisikia habari kama hiyo hutamani kukaa chini pamoja nao. Mimi ningemwomba apande juu. Huko chini hakuna asubuhi. Siku 41 zilihesabika juu tu, na waliozihesabu ni wale ambao riwaya ingewaita wadogo. Kwa mke, siku ya 20 ina uzito gani? Anayemdai aliyefukiwa analifutaje deni? Mwenye duara jirani anaendelea kuvuta viroba au anasimama, na akisimama vijana wake wanakula nini? Wenzao waliosikia sauti kutoka ardhini, ambayo kila mtu alikuwa amekwisha kukata tamaa nayo, walikuwa wameshuka kutafuta nini siku ile?

Tuache hao wa kweli na heshima yao, tutunge wetu. Tuna mama lishe mwenye banda la turubai hatua chache kutoka shimoni. Ana daftari la madeni, lenye majina jinsi anavyowajua yeye: Shija wa kamba, Mabula mfupi, Baba Limi, yule wa Bariadi. Banda limesimama juu ya ardhi aliyoonyeshwa na mwenye duara, kwa maneno tu, bila karatasi. Kitabu kizima hatujamwona akifanya lolote zaidi ya kupakua maharage na kukaripia wanaogusa sufuria. Usiku mmoja matimba yanaachia. Asubuhi ofisa anafika, na mwenye duara anamwambia waliokuwa chini ni saba, kwa kuwa saba ndio alioruhusiwa. Mama lishe ana mabakuli tisa ya uji yanayopoa. Wawili kati ya hao tisa wanamdai yeye chenji. Mmoja anadaiwa ugali wa miezi miwili, na ndiye shujaa wetu. Mwenye duara anasogea, anamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini ambayo hajawahi kuitumia kwake.

Shujaa yuko chini, gizani, hajui kama kuna swali limeulizwa. Wakichimba kutafuta saba, wataacha baada ya kuwapata saba.

"Mama," ofisa anarudia, kalamu ikiwa juu ya karatasi, "walikuwa wangapi?"

Anafuta mikono kwenye kanga, anainama kulitafuta daftari chini ya ndoo ya maji.